Mwanzi Usio Mwanzi

Juma lililopita niliishia pale mto Nyamwamba ulipoichukua nyumba yangu ya Kasese, mwezi wa Mei mwaka 2013. Niliwaambia nilivyotoka na redio mkono mmoja na chupa tatu za mianzi ya majini kifuani. Niliwaambia pia kwamba sanduku la karatasi lilikwenda na maji, na ndani yake hati ya shamba langu la Bwera.

Hilo shamba ndilo pekee lililonibakia duniani. Na ndani ya shamba hilo amelala mke wangu Feresita tangu mwaka 2006.

Nikaenda Bwera. Mtu wa kwanza kunipokea alikuwa Tefiro.

"Profesa!" aliniita tangu barabarani. "Mto imekula nyumba, lakini wewe imekushindwa!"

Profesa ni jina alilonipa mwaka 1974. Tulikuwa kiwanda cha saruji, mimi mpakiaji wa mifuko, yeye mlinzi wa lango. Saa za jioni wenzetu walikwenda kunywa, sisi tukaenda shule ya watu wazima. Yeye alinakili hesabu zangu, mimi nilinakili mwandiko wake, maana mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mwalimu. Baadaye tukanunua mashamba Bwera mwaka mmoja, jirani kwa jirani, tukazeeka pamoja.

Alinipokea chupa moja, akaitazama.

"Umeacha magodoro, ukaokoa majani?"

"Godoro linanunuliwa," nikamjibu.

"Na hati ya shamba iko wapi?"

"Imekwenda na maji."

Alinirudishia chupa. Kisha akanishika bega.

"Pole, ndugu yangu. Lakini kati ya mimi na wewe, papiye ya shamba ni ya nini?"

Nililia siku ile. Mto haukuniliza, maneno yale yaliniliza.

Mianzi ile nilipewa na Muhamood, mwenye lori la kupeleka mizigo Kampala. Mwaka 2011 nilimwandikia barua ya kumdai fidia mtu aliyemgonga, akashinda. Akaniletea vijiti vitatu vya kijani vimefungwa utepe mwekundu.

"Mzee Kezironi," akasema, "huu ni mwanzi wa bahati. Weka ndani ya maji tu. Hautaki udongo."

Mimi sipendi kuwa na kitu nisichokijua. Nikaenda maktaba ya manispaa, nikasoma siku tatu. Nikagundua jambo ambalo Muhamood mwenyewe hakulijua.

Ule si mwanzi.

Umefanana na mwanzi kwa vifundo vyake tu. Ukoo wake ni mwingine kabisa. Ni ndugu wa omuramura, ule mti wa majani marefu ambao kila mtu wa upande wetu anaujua, ule tunaoupanda kwenye mipaka ya mashamba.

Nilifurahi kama mtu aliyeokota dhahabu. Tangu hapo kila aliyeingia nyumbani kwangu na kusema "mwanzi" alisahihishwa kabla hajakaa.

Bwera walikuja wengi kutazama. Mmea unaoishi ndani ya chupa ya jamu, bila udongo! Nikawafundisha. Maji ya mvua ni bora. Kama ni ya bomba, yaache wazi siku nzima ili dawa itoke. Badilisha kila juma, osha chupa, osha na mawe yaliyo ndani yake. Usiuweke juani, majani yataungua. Ukiona mizizi ina rangi ya machungwa usiogope, hiyo ndiyo afya yake. Ukiona kijiti kimekuwa cha njano, kitoe haraka, kitaambukiza wenzake. Ukitaka kuzidisha, kata juu ya kifundo kwa kisu kisafi, tia majini, subiri.

Katika mwaka mmoja chupa tatu zilikuwa chupa kumi na tisa.

Tefiro alikuja kila asubuhi kunywa bushera, uji wetu wa mtama. Alikaa akizitazama chupa, akitikisa kichwa.

"Profesa, hii kitu inaweza kuishi kwenye udongo?"

"Vizuri sana. Mradi kuwe na kivuli."

"Umejaribu?"

Sikuwa nimejaribu. Hilo neno lilinichoma. Mtu aliyesoma anasema jambo ambalo hajalijaribu?

"Basi tujaribu," akasema. "Ile siku ya maombi ya mama Feresita. Umupandie mke wako maua, batu bote baone."

Wazo lilinipendeza hata nikamshika mkono.

Siku ya maombi walikuja katekista, kina mama wa kwaya, majirani, na mwenyekiti wa kijiji na soda yake. Tulipomaliza kuomba, nikaleta vijiti vitatu virefu, vyenye mizizi mizuri. Tefiro akawa anaonyesha kwa fimbo.

"Moja hapa, chini ya parachichi, kuko kivuli. Moja hapa, karibu na kaburi, upande huu wa nyumba. Na moja kule karibu na barabara, chini ya ule mugunga, wapita njia baione."

Nikachimba mwenyewe. Nikapanda mwenyewe. Ninsiima, binti yangu, alikuwa akinimwagia maji. Yeye hushona nguo Kasese, alikuja na basi la asubuhi.

"Sasa waeleze, Profesa," Tefiro akasema. "Mwenyekiti hajui hii ni muti gani."

"Mwanzi wa Wachina," mwenyekiti akasema.

"Hapana!" nikasema. "Watu wote wanakosea hapo. Si mwanzi. Ni omuramura."

"Nini?" Tefiro akatega sikio kama kiziwi. "Batu ya nyuma habakusikia."

"Omuramura!"

Kwaya ikacheka. Katekista akapiga makofi. Nikaona niwaongezee na maana ya neno, kwamba kuramura ni kuamua, kwa hiyo omuramura ni mti unaoamua. Wakapiga makofi tena.

Feresita, nilijisemea, mumeo leo amekupandia elimu.

Mwanzoni mwa mwaka 2015 macho yangu yakaharibika. Ninsiima akaja kunichukua, nikakaa kwake Kasese miezi mitano nikitibiwa. Chupa zangu nilimwachia Tefiro. Nilimwandikia karatasi ya maelekezo, kurasa mbili.

Niliporudi, Ninsiima akinishika mkono kwa sababu jicho la kushoto lilikuwa bado na ukungu, niliona nguzo.

Nguzo za mikaratusi, mpya, zimesimamishwa mstari mmoja kutoka parachichi mpaka barabarani. Seng'enge nyuzi nne.

Kaburi la Feresita lilikuwa ng'ambo ya seng'enge.

Nilidhani ni jicho. Nikafumba la kushoto, nikatazama kwa la kulia. Kaburi lilikuwa ng'ambo.

Tefiro alikuwa amekaa kwenye kibao upande wake, anatafuna muwa.

"Tefiro, nini hiki?"

"Karibu, Profesa. Macho imepona?"

"Nakuuliza, nini hiki?"

"Limiti."

"Mpaka wetu uko kule chini! Kwenye omuramura wa zamani!"

"Iko wapi hiyo ya zamani? Nionyeshe."

Nikatazama chini kule. Mstari wa miti tuliyoikuta tangu tunanunua haukuwepo. Palikuwa na majivu ya zamani yaliyoota magugu, na mihogo.

"Nilisafisha shamba," akasema. "Moto ilipita. Lakini usihangaike. Omuramura mupya iko hapa." Akaigusa kwa ncha ya muwa miche yangu, mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa imestawi, imefika kiunoni. "Ulipanda wewe. Mbele ya batu."

Wasomaji wangu, nieleze jambo hili kwa wale wasiotoka upande wetu. Kwetu, mtu akipanda omuramura kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya majirani, na hakuna aliyepinga, huo ni mpaka. Mahakama ya kijiji haiulizi tena. Mti umeamua.

Mila hiyo niliijua tangu nikiwa mtoto. Lakini nilikuwa na mmea wa chupa mkononi na kitabu kichwani. Niliiona sayansi, sikuuona mti.

Yeye aliuona.

Mwenyekiti alikuja kesho yake saa nne asubuhi, akaleta kiti chake. Kijiji kikamfuata. Walikuwepo wale wale wa siku ya maombi, na kwaya yao.

"Kila mutu atasema mara moja," mwenyekiti akasema. "Na kelele sitaki. Muzee Kezironi, shida iko wapi?"

Nikasema yote. Mpaka wa zamani, moto, hati iliyokwenda na mto.

"Hiyo hati, kuko mutu alisoma?"

"Tefiro aliisoma. Aliiandika kwa mkono wake, maana mwandiko wake ni mzuri."

Watu wakamgeukia Tefiro.

"Mimi iko muzee," Tefiro akasema. "Nasahau."

"Hujasahau kunywa bushera yangu miaka miwili!"

"Nilisema kelele sitaki," mwenyekiti akasema. "Muzee, hii miti tatu, nani alipanda?"

"Ni mimi."

"Kwa mukono yako?"

"Kwa mkono wangu. Lakini nilipanda maua ya marehemu."

Mwenyekiti akakuna kidevu. Ni mtu mwema. Niliona wazi kwamba jambo lile halikumpendeza, na kwamba alikuwa akinitafutia njia ya kutokea. Akanitazama sana.

"Muzee, sikiliza vizuri. Kule sokoni, na kule Mpondwe kwenye maduka, hii kitu batu banaita mwanzi. Mwanzi njo hauwezi kukata limiti, hata ukipanda mia. Sasa mimi nakuuliza wewe ambaye umesoma. Hii iko mwanzi, ao iko omuramura?"

Kila mtu alielewa. Hata watoto walielewa. Neno moja, na seng'enge inang'olewa.

Tefiro alikuwa anatabasamu. Ananijua miaka arobaini na moja. Alijua kwamba mimi ni mtu ambaye ningemsahihisha hata padri kwenye mimbari. Alikuwa ameweka dau lake juu ya kiburi changu, na mpaka siku ile kiburi changu kilikuwa hakijamwangusha mtu.

Nikatazama kaburi.

"Ni mwanzi," nikasema.

Tabasamu la Tefiro likafa.

"Rudia, muzee," mwenyekiti akasema.

"Ni mwanzi wa bahati. Muhamood mwenye lori alinipa kwa jina hilo. Siku ile ya maombi nilikuwa natania."

Kina mama wa kwaya wakapumua. Mmoja akasema, "Asante Yesu." Mwenyekiti akafungua daftari lake, akatoa kofia ya kalamu.

Miaka yote hiyo ya kujielimisha, nikaitemea mate kwa neno moja. Uso ulikuwa wa moto. Lakini Feresita alikuwa anarudi nyumbani, na hilo lilinitosha.

"Mwongo!" Tefiro akasimama. "Mwenyekiti, huyu mutu anadanganya! Wewe mwenyewe ulimusikia!"

"Nilisikia. Anasema alikuwa anatania."

"Basi muulize mutoto wake! Muulize Ninsiima, iko hapo!"

Nilitaka kucheka. Amechanganyikiwa, nilifikiri, anamwita binti yangu awe shahidi wake. Ninsiima alikuwa amesimama nami, mkono wake ndani ya mkono wangu, kama alivyonishika miezi mitano. Ndiye aliyenitia dawa ya macho asubuhi na jioni. Ndiye aliyenisomea gazeti.

"Binti," mwenyekiti akasema, "wewe unasemaje?"

Ninsiima akatazama kaburi.

"Sema, mama," nikamwambia. "Usiogope. Waambie ni mwanzi."

Nikahisi mkono wake unatoka ndani ya mkono wangu.

"Si mwanzi," Ninsiima akasema. "Ni omuramura. Taata alitufundisha tangu siku ya kwanza. Siku ile hakuwa anatania."

Kalamu ya mwenyekiti ilikuwa hewani.

"Ninsiima?" nikasema. "Ninsiima, hujui unalolifanya. Mama yako yuko ng'ambo ya ile seng'enge!"

"Najua, Taata. Mimi ndiye niliyemwomba mzee Tefiro."

"Ulimwomba nini?"

"Nilimwomba ipandwe pale. Ili kaburi liwe upande wake."

Katekista akanisogezea kibao, nikakaa. Tefiro alikuwa ameketi tena, ameokota muwa wake. Wawili hao. Mmoja alinakili hesabu zangu, mwingine nilimfundisha kusoma juu ya magoti yangu.

"Kwa nini?" Ni mwenyekiti aliyeuliza.

"Kwa sababu Taata hawezi kukubali kaburi lifunguliwe," Ninsiima akasema. "Mzee Tefiro amekubali. Yeye anataka ardhi tu. Mimi namtaka mama."

"Umupeleke wapi?"

"Kigezi. Alikoomba."

Akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Mama alikuomba, Taata. Aliniambia siku ile ile. Alisema, nimemwomba baba yako, amekubali. Nikangoja useme. Siku ya mazishi nikangoja. Nimengoja miaka tisa. Nilipokuwa nakutia dawa ya macho, kila asubuhi nilifikiri, leo atasema."

Mwenyekiti akaweka kalamu juu ya daftari.

"Muzee Kezironi. Hiyo ya mpaka tuache kwanza. Mama alikuomba vile, ao hapana?"

Wasomaji wangu, kwa majuma mengi nimewaeleza habari za Feresita, ugonjwa wake na kifo chake. Hili niliwaficha.

Mtoto wetu wa kwanza, Nuwasiima, alifariki akiwa na miaka minne, akazikwa kwetu Kigezi, kwenye shamba la kaka yangu Benon, kabla hatujaja huku kutafuta kazi. Siku mbili kabla hajafa, Feresita alinishika mkono wa shati. "Nirudishe kwa mtoto wangu," akasema. "Nisimwache peke yake." Nikamwambia, nitakurudisha.

Sikumrudisha. Benon aliwahi kunicheka mbele ya wazee, nilipoanza shule ya watu wazima nina ndevu. Alisema nimeamua kusoma baada ya kushindwa kulima. Nikaapa sitakanyaga kwake tena, na niliapa kwa sauti, watu wakasikia. Feresita alipofariki niliwaambia watu kwamba barabara ni mbaya. Barabara ilikuwa nzuri.

Chumbani siku ile Feresita aliponiomba tulikuwa wawili tu. Ningesema hapana, ni nani angenipinga? Maiti haisemi. Kaburi lingebakia mahali lilipo, na Ninsiima angeondoka pale akiitwa mwongo mbele ya kijiji kizima.

Nilikuwa nimeshadanganya mara moja asubuhi ile, na niliona jinsi uongo wa pili unavyokuwa mwepesi.

Nikavua kofia.

"Aliniomba," nikasema. "Nami niliahidi."

Kina mama wa kwaya wakaanza kulia, taratibu, bila kupiga yowe. Ninsiima akaziba mdomo kwa kitambaa. Nadhani hakutegemea.

Mwenyekiti akaandika muda mrefu. Kisha akasoma kwamba omuramura ni omuramura, na mpaka uko pale ulipopandwa. Tefiro akasema, "Asante, shefu," lakini hakuna aliyemtazama. Hata mimi sikumtazama. Nilikuwa nimepoteza ardhi yangu, na ile ardhi ilikuwa imekuwa jambo dogo.

"Mama afunguliwe," mwenyekiti akaendelea. "Lakini sikieni desturi. Mutoto wa kike hawezi kumupeleka peke yake. Mume njo anatangulia mbele ya sanduku, mume njo anamukabidhi kwa wenye udongo. Bila mume, hata hapa sitaruhusu jembe iguse."

"Nitampeleka," nikasema. Nilisimama bila kushikwa. "Kiapo changu nimekivunja. Nitamwangukia Benon miguuni."

Nilinyoosha mkono nikitafuta mkono wa binti yangu. Hakuushika. Alikuwa anatazama chini.

"Taata," akasema, "nimeshazungumza naye kwa simu. Baba mkubwa Benon amekubali mama aje."

"Mungu ni mwema."

"Wewe amekukataa."